Chumvi Iliyoitwa Kauri

Ripoti ile niliichapa mimi. Naanza na hilo ili mtu asije akasema Margareth anawasema wenzake huku mwenyewe amejificha. Mwaka 1977 nilikuwa karani wa mashine ya chapa katika kituo kimoja cha ufundi huko Kisarawe, kituo ambacho siku hizi hakipo, na nilichapa kurasa kumi na nne za uongo, nakala tano, bila kukosea herufi. Aliyeibiwa katika kurasa hizo alikuwa Sikudhani binti Matano. Hasira yake naijua kuliko ninavyoijua sura yake, maana sura ilizeeka, hasira haikuzeeka.

Sikudhani alizaliwa ng'ambo ya Mlandizi, upande wa mto Ruvu, kwa watu wa mpunga na mihogo. Alisoma mpaka darasa la nane, akafaulu, halafu nafasi yake ya sekondari akapewa mwingine. Baba yake alipokwenda kuuliza aliambiwa majina yameshatoka. Mwaka 1970 binti akapata kazi ya uhudumu wa maabara katika shule moja ya sekondari maeneo ya Kibaha. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha chupa, kufuta mizani na kufagia vigae vya vioo baada ya wanafunzi kuondoka.

Mwalimu wa kemia aliitwa Felician, Mkatoliki mpole mwenye tabia ya kuongea peke yake anapopima dawa. Aligundua mapema kwamba mhudumu wake anasoma kila kilichoandikwa kwenye chupa kabla ya kuirudisha kabatini. Basi siku moja akamwachia kazi isiyokuwa ya mhudumu.

Mwalimu alikuwa na rafiki yake padri kule Dodoma, na padri huyo alikuwa amemletea kopo la magaga meupe yanayoganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Kitabu kimoja cha zamani kilieleza kwamba magaga hayo yakisafishwa, yakachemshwa na magadi mpaka povu likome, maji yanayobaki yakichujwa na kuachwa yapoe taratibu hutoa chumvi ya aina ya pekee. Si chumvi ya kula. Mwalimu alikuwa na vipindi vingi, hivyo akamwonyesha Sikudhani namna ya kuning'iniza punje moja kwa uzi ndani ya chupa, akaondoka zake.

Sikudhani aliilinda chupa ile wiki tano. Aliifunika kwa kitambaa, akaiweka mbali na dirisha, akawakataza hata wanafunzi wa kidato cha nne wasiikaribie. Punje ikawa fuwele refu kama kidole cha kati, safi, unaweza kusomea maandishi upande wa pili. Mwalimu Felician alipoliona alikaa kitini. Walilikata vipande vyembamba kwa uzi uliolowa maji, kama mtu anavyokata sabuni, kwa pembe ya mshazari ambayo kitabu kilisisitiza. Kipande kimoja wakakibandika karatasi ya bati ya pakiti ya sigara huku na huku, wakaunga nyaya mbili mpaka nyuma ya redio ya shule.

"Kiguse," Mwalimu akasema.

Sikudhani akakigusa kwa ncha ya penseli. Spika ya redio ikapiga mlio mkubwa kama mlango umebamizwa.

Akarudi nyuma. "Umeme umetoka wapi, Mwalimu? Hakuna betri hapa."

"Umetoka mkononi mwako. Ndani ya fuwele hili molekuli zimejipanga safu kwa safu, zote zimeinamia upande mmoja. Ukizibana, chaji zinasogea. Upande huu unakuwa chanya, ule hasi. Ukiachia, zinarudi."

"Na chumvi ya jikoni?"

"Ile imejipanga sawasawa pande zote. Ukiibana inavunjika tu, haikupi kitu."

Sikudhani alinieleza baadaye kwamba siku ile alikasirika, na kwamba ndiyo hasira ya kwanza aliyoifurahia. Alikasirika kwa sababu jambo kubwa namna ile lilikuwa limekaa kwenye kitabu, kwenye kabati alilolifuta vumbi miaka miwili, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia.

Wakati ule serikali ilikuwa imeivalia njuga elimu ya watu wazima. Madarasa mengi ya Kibaha na Kisarawe yalikuwa yamepewa gramafoni na santuri za masomo, msaada kutoka nje. Masika mawili yakapita, gramafoni zikawa bubu. Mota zinazunguka, sahani zinazunguka, sauti hakuna. Moja ikaletwa shuleni. Sikudhani akafungua kichwa chake, pale sindano inapokaa, akakuta ndani unyevu na ute mweupe. Akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Mwalimu," akasema, "ndani ya hiki mlikuwa na chumvi yetu."

Ndivyo ilivyokuwa. Wazungu nao walikuwa wameweka fuwele lile lile. Sindano inapotikisika kwenye mifereji ya sahani inalibana fuwele, fuwele linatoa umeme kidogo, redio inaukuza unakuwa sauti. Hewa yetu yenye maji ndiyo iliyoliyeyusha. Vichwa vipya vya Ulaya sasa vilitengenezwa kwa kauri ya umeme isiyoogopa maji, lakini kuviagiza kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwepo kwa ajili ya sindano ya gramafoni.

Sikudhani akaotesha fuwele, akakata, akabandika bati, kisha akachovya kila kipande kwenye nta ya nyuki ili unyevu usipite. Gramafoni ile ikaongea. Baadaye Mwalimu Felician alihamishiwa kusini, akaondoka akimwachia kitabu. Yeye akaendelea peke yake. Kufikia mwaka 1975 alikuwa ameshafufua gramafoni kumi na moja, za Maili Moja, za Mbwawa, za Ruvu, zote kwa mikono yake, na kila alichokifanya alikiandika kwenye daftari kubwa la kaunta lenye gamba gumu: joto la siku, uzito wa magadi, siku fuwele lilipoingia ukungu na kwa nini.

Hapo ndipo akaja Jumbe.

Ndugu Jumbe alikuwa mkuu wa kituo chetu cha Kisarawe. Alikuwa amekaa nje miezi minne kwa mafunzo ya uongozi na alirudi na mkoba wa ngozi na neno moja, kauri. Alikuwa amesikia kwamba vichwa vya kisasa ni vya kauri. Alijua kauri ni udongo. Na udongo mweupe wa vilima vya Pugu, unaotengeneza vikombe na sahani, tunao wa kutosha. Akajumlisha mambo hayo matatu, akaandika mradi, wafadhili wakaukubali. Kwa kuwa alihitaji mtu anayejua vichwa vya gramafoni, Sikudhani akahamishiwa kwetu.

Nakumbuka siku aliyofika. Mwanamke mrefu, mkavu, khanga imefungwa barabara, chupa tatu zenye vifuniko vya kitambaa zimepakatwa mapajani tangu Kibaha mpaka Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam mpaka Kisarawe. Hakutaka mtu ampokee mzigo.

Wiki ya kwanza akamwambia Jumbe ukweli mbele yetu wote.

"Ndugu Mkuu, kauri inayotoa umeme siyo udongo huu. Nimesoma. Ile inatengenezwa kwa madini ya risasi na titani, inachomwa moto ambao tanuri letu haliufikii, halafu inapigwa umeme mkali ndipo chembe zake zielekee upande mmoja. Udongo wa Pugu utatupa vikombe vizuri sana. Ukivigonga havitasema kitu."

Jumbe akatabasamu. "Wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi, bibi?"

"La nane."

"Haya. Tuanze kazi."

Walichoma vigae miaka miwili. Walichoma vyembamba, vinene, vya duara. Kila tanuri lilipofunguliwa Sikudhani alichukua kigae, akakibandika bati, akakiunga kwenye redio, akakigonga. Kimya. Akaandika kwenye daftari: kimya. Kurasa nzima za daftari lile zilikuwa neno hilo moja na tarehe. Na pembeni ya chumba, kwenye rafu ambayo Jumbe hakuitazama, chumvi yake ilikuwa ikikua ndani ya chupa, bila tanuri, bila moto wa kuunguza nyusi za watu, kwa magaga na magadi tu. Aliomba mara nne apewe chumba kikavu na mtu mmoja wa kumsaidia kukata. Maombi yote niliyachapa mimi. Majibu sikuwahi kuyachapa, kwa sababu hayakuwepo.

Januari 1977 tukaambiwa wageni wanakuja, wakubwa wawili kutoka Dar es Salaam na mfadhili mmoja mzee wa Kizungu aliyejua Kiswahili. Wanataka kusikia kauri ya Kisarawe ikiongea.

Jumbe akamwita Sikudhani ofisini. Mlango ulikuwa wazi na meza yangu ilikuwa hatua tatu, kwa hiyo nilisikia.

"Utaweka ile chumvi yako ndani ya ganda la kauri. Ganda letu. Ya ndani hayawahusu wageni."

"Huo ni uongo."

"Ni maandalizi. Tukipata awamu ya pili tutatengeneza ya kweli."

"Ya kweli ninayo. Waonyeshe chumvi. Waambie inafanya kazi, waambie inaogopa maji, waambie tunatafuta dawa ya hilo. Kuna aibu gani?"

"Aibu ni kwamba mradi unaitwa wa kauri," Jumbe akasema. Akafungua kabati, akatoa lile daftari la kaunta, ambalo asubuhi ile alikuwa amelichukua mezani kwa Sikudhani. "Hili limeandikwa saa za kazi, ni mali ya kituo. Litakaa kwangu. Na kama hutaki kazi hii, Kibaha wanahitaji mtu wa kufagia."

Sikudhani akatoka. Kisha nikasikia mlango wa chumba chake ukifungwa taratibu, na nadhani ule upole ulikuwa mbaya kuliko kama angeubamiza. Alikuwa na mama mgonjwa Mbwawa, aliyehamishiwa huko wakati wa kuanzisha vijiji, anayemtegemea yeye tu. Alifanya alichoambiwa. Alikata fuwele lake bora kuliko yote, akalichovya nta, akalificha ndani ya ganda jeupe la kauri dogo kama ukucha wa dole gumba.

Mimi wakati huo nilikuwa nachapa ripoti. Alipita mezani kwangu, akainama, akasoma ukurasa uliokuwa kwenye mashine. Uliandikwa: "Kutokana na utaalamu wa Mkuu wa Kituo, udongo wa Pugu umeonyesha uwezo wa kutoa umeme." Jina la Sikudhani halikuwepo. Mahali pengine palikuwa na maneno "mhudumu mmoja".

"Unajua unachokichapa?" akaniuliza.

"Nachapa ninachopewa, dada."

"Basi tuko wawili," akasema, akaenda zake. Ningependa angenitukana.

Siku ya wageni ukumbi ulipambwa. Gramafoni iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kando yake jagi la maji na glasi. Jumbe akahutubia kuhusu kujitegemea, kuhusu udongo wa babu zetu. Kisha akashusha sindano kwenye sahani. Sauti ya mwalimu wa kike ikatoka, wazi kabisa, ikisoma somo la usafi wa visima. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Sauti ilikuwa nzuri kweli, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba tulishangilia kitu halali kwa jina la haramu.

Yule mfadhili mzee akauliza, "Udongo mnaufanya nini mpaka utoe umeme? Mimi nilidhani haiwezekani."

"Siri iko kwenye tanuri," Jumbe akajibu, wageni wakacheka. Akageuka. "Na nisiwasahau wadogo. Bi Sikudhani, simama wakuone. Huyu ndiye anayetusafishia vyombo."

Sikudhani akasimama. Lakini hakusimama kama mtu anayetaka kuonekana na kukaa. Alitembea mpaka kwenye meza. Akainua mkono wa gramafoni, sauti ikakatika. Akachomoa kile kichwa, akalibandua ganda la kauri kwa ncha ya mkasi, akaparua nta kwa kucha, na ndani akatoa kipande cheupe chenye kung'aa. Jumbe alikuwa ameshika mgongo wa kiti, hasogei. Nadhani aliamini mpaka dakika ya mwisho kwamba mwanamke huyu hatathubutu kuharibu kazi yake mwenyewe.

Akamimina maji kwenye glasi ya mgeni rasmi. Akatumbukiza fuwele. Akalikoroga kwa mpini wa mkasi, bila haraka. Tulitazama wote. Kipande kikawa chembamba, kikawa kama kipande cha barafu, kikawa hakipo.

"Kauri haiyeyuki, ndugu mgeni," akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Hii ni chumvi. Nimeiotesha mimi ndani ya chupa. Imefanya kazi katika gramafoni kumi na moja Kibaha kabla sijaletwa hapa kuchoma vigae. Ina ubaya wake, haipendi maji, kama mnavyoona. Ningewaeleza ubaya wote kama mngeniuliza. Daftari langu liko kwenye kabati la Ndugu Jumbe. Mwambieni awape."

Akaiweka glasi mezani, akatoka.

Ningependa kusema kwamba wageni walilidai lile daftari. Hawakulidai. Wale wakubwa wawili waliangalia saa. Mfadhili mzee alichovya kidole kwenye glasi, akaonja, akatikisa kichwa kwa huzuni, akapanda gari. Baadaye wafadhili wakajitoa kimya kimya na kituo kikafungwa mwaka uliofuata. Jumbe akapelekwa mahali pengine, cheo kikubwa zaidi. Sikudhani akaandikiwa barua ya kuachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu na uharibifu wa mali ya kituo. Uharibifu wa mali. Barua hiyo pia niliichapa mimi.

Alikwenda ofisi mpya ya Jumbe mara tatu kudai daftari. Mara ya kwanza aliambiwa bwana yuko safarini. Mara ya pili aliambiwa karatasi zote za kituo zimepelekwa kusikojulikana. Mara ya tatu alimkuta Jumbe mwenyewe mlangoni, na Jumbe akamwambia, "Lile daftari? Mbona panya walishalimaliza." Sikudhani aliniambia kwamba alimtazama shingoni, akahesabu mpaka ishirini, akageuka, kwa sababu alijua akifika ishirini na moja mama yake atabaki peke yake.

Akarudi Mbwawa kulima. Mimi nikarudi kwetu Maneromango, nikapata kazi ya uchapaji kwenye usharika wa Kilutheri. Nilikaa na jambo lile mwaka mzima na zaidi. Mwishowe, Juni 1979, nikaomba ruhusa ya siku nne na kwenda Mbwawa. Nilimkuta anapalilia mihogo.

"Sikukuita," akasema.

"Najua, dada. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi nitaifanyia nini?" Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta, nami nimesimama juani. Kisha akauliza bila kugeuka, "Bado una mashine?"

"Ipo usharikani. Na kuna mashine ya stensili ya kutolea nakala."

"Basi kaa. Umeandika uongo wao, sasa utaandika kweli yangu."

Nilikaa siku tatu kwenye kibaraza cha mama yake na kalamu mkononi. Alilisoma daftari lililoliwa na panya kutoka kichwani mwake, ukurasa baada ya ukurasa, kwa hasira, kana kwamba Jumbe yuko mbele yake anabisha. Namna ya kusafisha magaga kwa mkaa. Pembe ya kukata. Joto ambalo likizidi, fuwele linakufa na halifufuki. Nilipotaka kufupisha sehemu ya makosa, alinikatiza.

"Usifupishe hapo. Andika kwamba linaharibika. Andika kwamba nta inapasuka mwaka wa pili. Andika siku zote nilizoshindwa. Ile ripoti yako haikuwa na kosa hata moja ndani yake, ndiyo maana ilikuwa ya uongo."

Akaongeza jambo ambalo hata kwenye daftari halikuwepo. Kijiji kilikuwa kimepewa mifuko ya mbolea nyeupe ya fosfeti, na yeye alikuwa ameyeyusha kiasi, akachuja, akaotesha. Fuwele zake zilikuwa za pembe nne, zimechongoka. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya chumvi, lakini zilikaa juu ya rafu masika yote, wazi, bila nta, zikabaki kavu. Alinionyesha moja. Alikuwa ameipata peke yake, nyuma ya nyumba ya udongo, kwenye chupa ya soda, na hakuna mtu aliyemwuliza.

Nilichapa kurasa ishirini na mbili. Safari hii ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina lake, Sikudhani binti Matano, na chini yake hakukuwa na cheo. Tulituma nakala kwa shule thelathini na moja za mkoa na jirani, na moja kwa Mwalimu Felician huko kusini. Yeye alijibu kwa barua fupi akisema ameanza kuotesha na wanafunzi wake. Shule nyingine tano zilijibu. Ishirini na sita hazikusema kitu. Gramafoni zenyewe zilikuwa zimeshaanza kupitwa na wakati, watu wanataka kaseti, lakini shule moja ilitengeneza kipaza sauti kwa fuwele la mbolea, na kwenye mkutano wa wazazi kikasikika mpaka nyuma.

Miaka iliyofuata barua zake zilipitia kwangu, maana mimi ndiye niliyekuwa na mashine. Hakuwahi kusema amenisamehe, nami niliacha kuuliza. Mwaka 1983 ikaja barua ya mwalimu kijana wa Kisarawe aitwaye Bertha. Aliandika kwamba fuwele zake zinatoka na ukungu katikati, amejaribu mara sita, na mkuu wake wa shule amemwambia aache kuchezea chupa. Nilimpelekea Sikudhani barua hiyo Mbwawa. Aliisoma mara mbili.

"Mwandikie hivi. Unapoza haraka. Funika chupa kwa blanketi, usiifunue siku nne. Mkuu wako mwambie nimesema akae mbali na chupa zako."

Nikaandika, nikamsomea ili nihakikishe sijakosea. Akanisimamisha kwenye mstari wa mwisho.

"Hilo neno 'tafadhali' nani amekuambia uliweke?"

Nikalifuta, nikaikunja barua, nikaenda kuitia posta Maili Moja.